Kikapu hupimwa kuanzia kitako

Ubora wa kikapu hutegemea kazi kiliyosukiwa na muda kinaotakiwa kudumu. Pakacha husukwa kwa dakika chache kutoka kwenye kuti bichi la mnazi, hubeba nazi au maembe hadi sokoni, na baada ya siku chache hutupwa. Hakuna anayelilaumu kwa mianya yake. Watu wa pwani husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mwanya huohuo kwenye kiondo cha katani, au kwenye kikapu cha ukili kilichonunuliwa kubebea mchele na sukari kwa miaka, ni kasoro kubwa. Kwa hiyo anayekagua kikapu huanza kwa kujua kitabeba nini na kwa muda gani. Rangi na nakshi huja baadaye.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku: Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Kikapu ambacho mijini kilikuwa kimeanza kuonekana kama chombo cha bibi wa kijijini kilirudi madukani na mikononi mwa vijana. Pamoja na wanunuzi wapya imekuja pia kazi ya kulipua: kikapu kinachovutia kwa nje, lakini mkono wake hung'oka kabla ya mwezi wa pili. Aliyepata hasara hiyo mara moja hakumbuki jina la msukaji. Anachokumbuka ni kwamba vikapu vya kusukwa havidumu. Lawama huwaangukia hata wale ambao kazi yao haina doa.

Vikapu vingi vya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa njia tatu, na kila njia ina mahali pake dhaifu. Pwani, na visiwani Unguja na Pemba, chane za majani ya mkindu au mkoma husukwa kuwa utepe mrefu uitwao ukili. Utepe huo huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo kwa shazia hadi kikapu kiumbike, na mshono ndio unaotangulia kuachia. Kiondo cha Wakamba na Wakikuyu hakina mshono wa namna hiyo. Nyuzi za mtande hutandazwa kutoka katikati ya kitako kama miale ya jua, kisha nyuzi mbili za mshindo huzizunguka zikipishana mbele na nyuma, duru baada ya duru. Hapo kila kitu hutegemea uzi wenyewe ulivyosokotwa. Njia ya tatu ni ya kuviringisha. Kitita cha nyasi au cha nyuzi za mgomba huzungushwa kama nyumba ya konokono na kufungwa kwa sindano, kama ilivyo kwa vikapu vingi vya Uganda na kwa agaseke ya Rwanda, kikapu chenye mfuniko wa ncha ambacho kimo hata kwenye nembo ya taifa hilo. Udhaifu wake ni nafasi kati ya kifungo na kifungo. Iringa nayo ina vikapu vyake vya milulu, mabua yanayochumwa maeneo yenye majimaji na kusukwa yakiwa mazima, bila kuchanwa.

Karibu kila kasoro inayoonekana kwenye kikapu kilichokamilika ilianzia kabla ya kusuka, wakati wa kuandaa malighafi. Hapa ndipo penye siri ya kazi nzuri, na ndipo muda mwingi unapokwenda bila mnunuzi kuuona.

Kwa ukindu, jani linalofaa ni lile changa lililo katikati ya taji, kabla halijakunjuka. Jani kongwe ni gumu, huvunjika linapokunjwa kwenye pembe, na hupokea rangi kwa madoa. Mkindu huota kwa kichaka, machipukizi mengi kwenye shina moja, hivyo mvunaji anaweza kuchukua jani moja hapa na jingine pale na mmea ukaendelea kuishi. Akikata moyo wa shina, shina hilo limekwisha. Kijiji kilichomaliza mikindu yake mtoni hakipotezi mti tu. Wasukaji wake hulazimika kutumia majani makongwe, na vikapu vyao hushuka daraja hata kama mikono yao bado ni hodari.

Majani huanikwa juani hadi yawe meupe, na huingizwa ndani mvua inapotishia, maana jani lililolowa likarundikwa huota ukungu kwa siku chache na kubaki na vidoadoa vyeusi visivyotoka. Baadaye huchanwa. Chane zikiwa na upana tofauti, ukili hujikunja upande mmoja, na hakuna ustadi wa kushona unaoweza kuunyoosha. Wasukaji wazoefu huchana kwa ukucha au ncha ya kisu na wakapata chane zinazolingana. Kwa anayejifunza, kibao kidogo kilichopigiliwa sindano kwa nafasi sawa hufanya kazi hiyo vizuri: jani hukandamizwa na kuvutwa mara moja, chane zikatoka na upana mmoja. Chombo hicho hakigharimu kitu, na pengine hakuna badiliko jingine dogo linaloinua ubora wa kikapu cha ukili kwa haraka namna hiyo.

Katani ni mgeni katika sanaa hii. Asili ya mkonge ni Mexico, na miche iliyoanzisha mashamba ya Tanganyika ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kabla ya hapo viondo vilitengenezwa kwa nyuzi za magome ya vichaka na ya mbuyu. Jani la mkonge hukwanguliwa nyama yake yote, na nyuzi huoshwa siku hiyohiyo. Utomvu ukibaki, nyuzi huwa na rangi ya kutu, huwasha mikononi na huoza mapema. Nyuzi safi hukaushwa, hukung'utwa na kusokotwa, kwa desturi juu ya paja, nyuzi mbili kuwa moja. Uzi uliosokotwa vizuri una unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho na haufunguki ukilegezwa. Jaribio lake ni rahisi: uzi hushikwa ncha mbili, husogezwa hadi ulegee, na ukijikunja wenyewe kwa vitanzi vingi basi umesokotwa kupita kiasi, ukifumuka, umesokotwa kidogo mno.

Siku hizi viondo vingi husukwa kwa nyuzi za nailoni au sufu ya kiwandani. Hilo si kosa, kwani nyuzi hizo zina rangi nyingi na huokoa muda wa kusokota. Kosa ni kukiuza kikapu hicho kwa jina na bei ya katani. Nyuzi za kiwandani huyeyuka zikiguswa na moto, ilhali katani huungua na kuacha jivu, na unyuzi mmoja uliokatwa ndani ya kikapu hutosha kumaliza ubishi.

Rangi ndiyo inayouza kikapu na ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Zamani pwani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, na wekundu wa kahawia kwenye magome ya mikoko. Manjano ya jikoni nayo hutumika, lakini hupauka upesi juani, hivyo hayafai kwa kikapu kinachobebwa barabarani kila siku. Rangi nyingi za mimea huhitaji kitu cha kuzishikisha kwenye nyuzi, na shabu, yale mawe meupe yanayouzwa madukani kwa wauza dawa za asili, hufanya kazi hiyo vizuri. Magome ya mikoko yana ukakasi unaojishikisha wenyewe, ndiyo maana kahawia yake hudumu kuliko rangi nyingi za mimea.

Rangi za unga za dukani si za aina moja, ingawa pakiti zake hufanana. Zipo zinazong'aa sana siku ya kwanza lakini hufifia baada ya wiki chache za jua. Zipo zinazohitaji chumvi ili ziingie kwenye nyuzi. Na zipo zinazohitaji magadi ili zishikane nazo kabisa. Msukaji asiyejua alichonunua hutumia njia moja kwa zote, na matokeo huwa ya kubahatisha. Taratibu zenyewe si ngumu. Nyuzi huoshwa kwanza na kuingizwa sufuriani zikiwa mbichi, ili rangi ienee sawasawa. Hupikwa kwa moto wa wastani, huachwa zipoe ndani ya maji hayohayo, kisha husuuzwa mara nyingi hadi maji ya mwisho yawe meupe, na hukaushwa kivulini. Hatua inayorukwa zaidi ni hiyo ya kusuuza. Inachosha, inataka maji mengi mahali ambapo maji hubebwa kichwani, na kutofanyika kwake hugundulika siku mnunuzi anaponyeshewa mvua na nguo yake nyeupe ikapata wekundu usiotoka.

Kwa anayeuza nje ipo sababu nyingine ya kujua rangi yake. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku rangi za azo zinazoweza kutoa kemikali fulani zenye madhara, ikiwa kiwango chake kinazidi miligramu 30 kwa kilo, katika bidhaa za nguo na ngozi zinazogusa mwili kwa muda mrefu, mikoba ikiwemo. Unga uliofungwa kwenye karatasi ya gazeti bila jina hauwezi kuthibitishwa. Kikundi kinachotafuta soko hilo hununua rangi yenye maelezo, hupima kwa mizani badala ya kukadiria kwa kiganja, na huandika daftarini uzito wa nyuzi, uzito wa rangi na muda wa kupika. Hapo wekundu wa mwezi huu hulingana na wa mwezi ujao.

Wakati wa kusuka, adui mkubwa ni unyevu usio sahihi. Chane kavu hukatika, kwa hiyo hulowanishwa. Lakini chane iliyoloa chapachapa imevimba, na ikisukwa hivyo hunywea inapokauka, na mianya hujitokeza kwenye kikapu kilichokuwa kimebana vizuri kilipokamilika. Wengi humlaumu msukaji kwa mkono mlegevu, kumbe mkono ulikuwa mzuri na tatizo ni maji. Chane hutakiwa ziwe na ubichi wa kujipinda tu: hunyunyiziwa, hufungwa kwenye kitambaa kibichi, na hutolewa kidogokidogo. Ni kwa sababu hiyo pia wasukaji wengi hupenda kazi ya asubuhi, kabla jua halijakausha hewa.

Kitako ndicho kinachoamua umbo. Duru za kwanza zikilegea, kikapu kizima huyumba. Mtande ukigawanywa vibaya, kuta hupanda zikielemea upande mmoja. Kadiri kitako kinavyopanuka huongezwa nyuzi mpya za mtande, na zinapoongezwa zote mahali pamoja hutokea uvimbe unaofanya kikapu kisikae sawa. Kwa kikapu cha ukili, mizunguko ya mwanzo ikishonwa kwa kuvuta sana, kitako hujikunja kama bakuli. Ikilegezwa, huwa na mawimbi. Kurekebisha kosa hilo wakati kitako kina upana wa sahani ni kazi ya saa moja. Kulirekebisha baada ya kuta kupanda ni kufumua kila kitu. Hata hivyo vikundi vingi hukagua vikapu siku ya kukusanya mzigo, wakati ambapo kinachowezekana ni kukubali au kukataa tu. Ukaguzi wenye faida ni ule wa katikati ya kazi: kitako kinawekwa juu ya meza bapa, kinapimwa upana, kinatazamwa kama kinacheza, na msukaji anaruhusiwa kuendelea au anasaidiwa papo hapo.

Vipimo navyo vina historia yake. Wasukaji hutumia wanda, shubiri na dhiraa, vipimo vya mwili ambavyo viliitosha familia iliyosuka kwa matumizi yake. Lakini shubiri ya mama mrefu si shubiri ya binti yake, na wasukaji 30 wakiambiwa kikapu cha shubiri mbili, mnunuzi atapata vikapu vya ukubwa mbalimbali. Kwa oda inayotaka ulinganifu, kila msukaji hupewa kijiti kilichokatwa kwa kipimo kimoja chenye alama ya upana wa kitako, kimo na upana wa mdomo. Kijiti ni bora kuliko futi ya kupimia, kwa sababu hakihitaji kusoma tarakimu na hakipotezi hesabu.

Kuta zinahitaji mvuto ule ule kutoka chini hadi juu, jambo ambalo huvurugika kazi inapoachwa siku nyingi au inapomaliziwa na mtu mwingine. Duru zikihesabiwa ndani ya sentimita 5 karibu na kitako, kisha karibu na mdomo, tofauti kubwa huonyesha kwamba msukaji alianza kwa makini akamaliza kwa haraka. Mdomo nao ndio unaoshikwa, unaosuguliwa na kuvutwa kila siku. Ncha za mtande hutakiwa zirudishwe ndani ya msuko kwa duru kadhaa kabla ya kukatwa. Zikikatwa usawa wa ukingo, hutoka zenyewe baada ya muda mfupi, na mdomo ukishaanza kufumuka hakuna kinachoweza kuuzuia.

Mikono ya kikapu ndiyo inayobeba mzigo wote, na bado ndiyo hupewa muda mdogo kuliko sehemu zote. Mkono ulioshonwa kwenye ukingo pekee huung'oa ukingo huo. Ule uliopitishwa chini, ukashuka ubavuni na kushikizwa sehemu kadhaa, hugawa uzito kwenye msuko mzima. Mkanda wa ngozi unahitaji ngozi iliyosindikwa ikakamilika; ngozi isiyokamilika hunuka joto likipanda, hukakamaa, na huvutia wadudu. Vifungo vya chuma kisichozuia kutu huacha alama ya kahawia kwenye nyuzi nyeupe tangu mvua ya kwanza.

Kikapu kilichokamilika kinaweza kujaribiwa kwa dakika chache bila mashine. Huwekwa juu ya sakafu iliyo sawa, na kisipotulia kina kosa la kitako. Huinuliwa kuelekea mwanga na kutazamwa kwa ndani, na mianya yote huonekana. Mdomo hubinywa hadi pande mbili zikaribiane, kisha huachiwa. Kikapu kizuri hurudi kwenye umbo lake. Kitambaa cheupe kibichi husuguliwa juu ya kila rangi. Kikapu hunuswa pia, maana harufu ya uvundo hutangulia ukungu unaoonekana kwa macho. Mwisho hujazwa mchanga wa uzito unaokusudiwa kubebwa na kuning'inizwa kwa mikono yake usiku kucha. Jaribio hili la mwisho hufanywa kwa kikapu kimoja au viwili kutoka kila fungu, na linafichua zaidi ya yote yaliyotangulia.

Ukaguzi peke yake hauboreshi kitu kama malipo hayafuati. Kwa mfano wa hesabu, kikapu kikinunuliwa kwa shilingi 20,000 bila kujali daraja, aliyekaa nacho siku 10 amepata shilingi 2,000 kwa siku, na aliyekilipua kwa siku 4 amepata 5,000. Mfumo huo humwadhibu msukaji hodari. Hautachukua muda kabla naye hajaanza kuruka hatua ya kusuuza rangi, na hapo asilaumiwe. Vikundi vinavyotaka kazi bora havina budi kuwa na bei za madaraja, zinazojulikana kabla kazi haijaanza, pamoja na kikapu cha mfano kinachohifadhiwa ili kila mmoja alinganishe kazi yake nacho. Anayeshushwa daraja aonyeshwe kosa kwa kidole, kwenye kikapu chake, mbele ya kikapu cha mfano. Kuambiwa tu kwamba kazi haijakidhi viwango hakumfundishi chochote.

Baada ya hapo hubaki kuhifadhi. Kikapu hukaushwa kabisa kabla ya kufungwa, huwekwa juu ya chaga mbali na sakafu na ukuta, na hakifungwi ndani ya nailoni kingali na unyevu, maana ukungu humea kwa urahisi hewa inapokuwa nzito kama ilivyo pwani wakati wa masika. Vikapu vinavyosafiri kwa meli hukaa wiki nyingi ndani ya kontena lenye joto, na fungu lililotoka ghalani likiwa safi linaweza kufika limeharibika. Baadhi ya nchi hudai pia cheti cha afya ya mimea, kwa kuhofia wadudu waliojificha kwenye nyuzi. Nchini Kenya hutolewa na KEPHIS, na nchini Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Mnunuzi wa kawaida hahitaji cheti wala mizani. Atakayesimama kwenye banda la vikapu mwishoni mwa wiki hii akigeuze kikapu kichwa chini kabla ya kuuliza bei, atazame kitako, aingize mkono ndani na kupapasa ncha za nyuzi, avute mkono wa kikapu kwa nguvu. Akikuta kila kitu kimekaa sawa, basi asishushe bei: siku alizotumia msukaji kuchana, kuosha na kusuuza zimo ndani ya bei hiyo.